Mohanlal na Thudarum: yanayosemwa sana, na ukweli wenyewe

Tangu muvi ya Thudarum itoke tarehe 25 Aprili 2025 yamesemwa mengi kuhusu Mohanlal, steringi wake, mengine na watu ambao muvi yenyewe hawajaimaliza, mengine na watu wanaompenda kabisa ila wanamsifia kwa kitu ambacho sicho. Hebu tuyaweke sawa. Mwisho wa stori siutoi, kama hujaiona soma tu bila wasiwasi.

"Ni muvi ya Bollywood." Hapana jamani. Bollywood ni Mumbai na lugha yake ni Kihindi, hii ni ya Kimalayalam, lugha ya Kerala kule kusini magharibi mwa India, na Kerala wana mastaa wao, waandishi wao na ladha yao ambayo miaka mingi imekuwa ya stori za watu wa kawaida. Sisi huku chochote kikitoka India tunakiita cha Kihindi, ndo maana mtu anakaa kuiangalia akisubiri mambo ambayo hayapo. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai hawawezi kukosea hapo, maana watu wa Kerala wamejaa kule na muvi zao zinaonyeshwa kwenye kumbi za Ghuba kama kwao.

"Mzee alikuwa ameisha, hii ndo imemfufua." Hii ndo inayorudiwa kuliko zote na ndo inayoniuma zaidi kwa sababu ina nusu ya ukweli. Kweli alipitia kipindi kigumu, Malaikottai Vaaliban ya Januari 2024 ilisubiriwa kwa hamu kubwa afu watu wakatoka wamenuna, Barroz aliyoiongoza yeye mwenyewe ikatoka Krismasi ya mwaka huohuo na haikufika popote. Lakini kabla tu ya hizo kuna Neru ya Desemba 2023, anacheza wakili aliyepoteza kujiamini, na hiyo ilijaza kumbi. Na mwezi mmoja tu kabla ya Thudarum ilitoka L2: Empuraan, ikavuka rupia bilioni 2 duniani. Sasa mtu aliyeisha anauza hivo?

Kwahiyo kilichorudi sio pesa. Kilichorudi ni yule Mohanlal wa miaka ya 80 na 90, jirani yako, mtu mwenye madeni, anayetania mke wake, anayeogopa polisi. Ukitaka kuelewa nenda kaangalie Kireedam ya 1989, kijana ambaye baba yake ni polisi na anatamani mwanawe naye avae gwanda, afu ugomvi mmoja wa mtaani unaharibu kila kitu, na hata akishinda ngumi unaona kabisa anaposhinda ndo anapotea. Miaka ya karibuni walimpa sana watu wakubwa wakubwa, wababe, kamera inampanda kutoka miguuni polepole na muziki unalia. Mkurugenzi wa Thudarum, Tharun Moorthy, amempa dereva teksi.

Anaitwa Shanmugham, mtaani wanamwita Benz, anaishi huko Ranni kwenye vilima vya Pathanamthitta na mke na watoto wawili, na ana Ambassador nyeusi ambayo anaipenda mpaka familia inalalamika. Ambassador ni ile gari ya kizamani ya Hindustan Motors, umbo la Morris Oxford, walitengeneza mpaka 2014 wakaacha. Angalia anavyoifuta, anavyokasirika mtu akiigusa bila ruhusa. Gari inaingia kwenye kesi isiyomhusu, polisi wanaikamata, na anaenda kituoni kuiomba kwa sauti ya chini kabisa, mabega yameshuka, anatabasamu tabasamu la mtu anayejua akikosea neno moja tu imekula kwake. Staa wa miaka 64 na mashabiki wake wote wale, anakubali kuonekana mdogo namna ile, na kwa muda mrefu! Hapo ndo fomu yenyewe ilipo, ngumi zinakuja baadaye sana.

Ndo maana wanaosema "muvi ya kisasi ni kupigana tu" wameikosa. Nusu ya kwanza karibu yote ni nyumbani na gari, na hata trela iliuza mambo ya familia. Kisasi kinakaa kwa sababu umeshaishi na wale watu, unajua kinachochukuliwa. Kuna sehemu analia bafuni, sisemi kwanini, lakini ukifika pale ndo utajua hakuna mwingine angeibeba vile.

"Dereva teksi anawapigaje watu wote wale?" Inaonekana huyu alikuwa anachat wakati muvi inaendelea. Benz zamani alikuwa anafanya kazi ya kupigana na kuanguka kwenye muvi za Kitamil kule Chennai, imeelezwa mapema kabisa, na bosi wake wa zamani anachezwa na Bharathiraja ambaye mwenyewe ni mkurugenzi mkongwe wa Kitamil.

"Wamekopi Drishyam." Baba, familia, polisi, basi watu wakaunganisha. Georgekutty wa Drishyam ya 2013 anailinda familia yake kwa akili, anapanga, anadanganya, ngumi hana kabisa. Benz hana mpango wowote mwanzoni, anafuata tu anavyoambiwa na polisi mpaka anagundua alichofanyiwa. Ni wanaume wawili tofauti kabisa, wanachofanana ni sura ya aliyewacheza.

Na adui sasa. Wengi wanadhani anayemcheza George, yule afisa wa polisi, ni muigizaji mkongwe wa Kerala ambaye hatukuwa tunamjua. Anaitwa Prakash Varma, na ni mtengeneza matangazo! Yale matangazo ya ZooZoo ya Vodafone India, wale viumbe weupe wenye vichwa vikubwa, ni kazi yake. Hii ndo nafasi yake kubwa ya kwanza ya kuigiza, na lile tabasamu lake la upole la afisa wa polisi linatisha kuliko kelele za maadui kumi. Bila yeye Mohanlal angekosa wa kumkandamiza, na bila kukandamizwa hakuna kisasi.

Shobana, anayecheza mke, nae wanamchukulia kama sura ya zamani imeletwa kuwafurahisha mashabiki. Huyu ana tuzo ya taifa ya muigizaji bora wa kike kwa Manichitrathazhu ya 1993, ambayo pia yumo Mohanlal, mkimuona amekaa kimya jikoni msidhani hana kazi pale.

La mwisho, ile tuzo ya Dadasaheb Phalke, kubwa kuliko zote za sinema India, ambayo Mohanlal aliipokea Septemba 2025. Nimeona watu wanasema kapewa kwa ajili ya Thudarum. Ni tuzo ya mwaka 2023, na inatolewa kwa mchango wa maisha yote, kazi iliyoanza 1980 na Manjil Virinja Pookkal ambako, kwa taarifa yenu, yeye ndo alikuwa adui na sio steringi.