"Vestige": masalia, nyayo au chembe?

Ukifika Maruhubi, kaskazini kidogo ya Mji Mkongwe, utakuta nguzo nene zimesimama wima na hazibebi kitu. Zamani zilibeba roshani ya kasri la Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, moto ukaliteketeza mwaka 1899. Nguzo zile ndizo Mwingereza anazoziita "vestiges".

Wengi hulifasiri neno hili kuwa mabaki. Si kosa, ila mabaki ni neno pana mno. Wali uliobaki chunguni nao ni mabaki, na asubuhi tunaupasha moto, tunakula kiporo tunashiba. "Vestige" haishibishi mtu. Ni kile kidogo kinachosalia baada ya kitu chenyewe kutoweka, kikawa shahidi kwamba kilikuwepo.

Asili yake ni Kilatini, vestigium, yaani unyayo: mtu kapita ufukweni, hayupo tena, lakini mchanga umeshika alama ya mguu wake. Inanigusa kuona kwamba sisi tulikuwa na neno la jinsi hiyo hiyo. Athari, tuliyoitoa Kiarabu, huko kwao ni alama inayoachwa na kilichopita. Kwetu imeelemea upande wa matokeo na madhara, na leo ukiandika "athari za Mreno" msomaji atafikiria uharibifu. Kwa hiyo mimi huandika masalia, na panaponoga, nyayo.

Masalia ya Mreno tunayo midomoni kila siku: meza, leso, karata. Utawala wake visiwani ulikwisha karne ya 17, maneno hayakuondoka naye. Kule Pemba, mchezo wa ng'ombe nao wengi wanauhusisha na Wareno hao hao.

Wataalamu wa viumbe wanalitumia neno "vestige" kwa viungo vya mwili. Pomboo wanaoogelea Kizimkazi wana vifupa vidogo vya nyonga vilivyojificha ndani ya nyama, na miguu ya nyuma hawana. Ni masalia ya mababu zao waliotembea nchi kavu.

Pa kuangalia sana ni kwenye ukanushi. Waingereza hupenda kusema kwamba habari fulani haina hata "vestige" ya ukweli. Hapo masalia hayaingii, wala mabaki. Mswahili husema: haina hata chembe ya ukweli.