Vita vya uwakala: Kaisari, Kisra na Waarabu wa mpakani

Vita vya uwakala ni vita ambavyo dola kubwa mbili hupigana kupitia watu wengine: mkubwa hutoa fedha, silaha na vyeo, mdogo hutoa wapiganaji. Wengi tukisikia hivyo tunakumbuka Vita Baridi, ila Kaisari wa Rumi ya Mashariki na Kisra wa Uajemi waliucheza mchezo huu tangu zamani, na karne ya 6 inauonyesha waziwazi.

Kusini, mpaka wao ulikatiza jangwa la Shamu (eneo la Syria ya leo), ambako jeshi la kawaida haliwezi kukaa. Uajemi iliwategemea Bani Lakhm, Waarabu wa mji wa Hira, katika Iraki ya leo. Mfalme wao al-Mundhir aliivamia Shamu kwa miongo kadhaa, akipora na kutoweka kabla Warumi hawajajipanga. Karibu mwaka 529 Kaisari Justinian akamwinua al-Harith wa Bani Ghassan, Waarabu wa upande wa Rumi, ili amkabili.

Wakala ana faida moja kubwa: unaweza kumkana. Mwaka 532 madola hayo yalipatana "Amani ya Milele", Rumi ikalipa ratili 11,000 za dhahabu. Milele hiyo haikufika miaka kumi. Al-Mundhir na al-Harith waligombea malisho kusini mwa Palmyra, mji wa jangwani Shamu, ugomvi wao ukawa kisingizio, na mwaka 540 Kisra Anushirwan akaiteka na kuichoma Antiokia, mji mkubwa wa Warumi huko Shamu.

Lakini wakala naye ana visasi vyake. Wakubwa waliposimamisha vita, hawa wawili waliendelea kuuana, hadi al-Mundhir alipouawa vitani mwaka 554. Ndiyo maana mkataba wa 562 uliwataja Waarabu wa pande zote mbili na kuwakataza kushambuliana.

Yemen nako, Kaleb, mfalme wa Aksum (Ethiopia ya kale), alivuka Bahari ya Shamu mwaka 525 kwa kuungwa mkono na Rumi. Abraha, yule wa Mwaka wa Tembo anayesimuliwa kuiendea Makka na tembo, alitokana na uvamizi huo. Karibu mwaka 570 Uajemi ikatuma huko askari wake yenyewe.

Baadaye kila dola ilimwogopa wakala wake. Rumi ilimkamata mwana wa al-Harith na kumhamishia Sisilia. Kisra Parwizi akamuua Nu'man, mfalme wa Hira, karibu mwaka 602. Kwa maoni yangu ni ujinga wa hali ya juu, maana mlango wa jangwani ulibaki bila bawabu. Mwaka 633 Hira ilijisalimisha kwa Khalid bin Walid, jemadari wa Waislamu.