Kabla ya kununua rangi, panda juu ya paa

Siku moja nilitumwa na benki kuthamini nyumba upande wa Mukono, hapa Uganda. Mwenyewe, mzee mstaafu, alikuwa ameipaka krimu ndani na nje, na rangi bado ilikuwa inanukia. Sebuleni kulikuwa na kabati kubwa limesimama mahali pa ajabu, limeziba nusu ya dirisha.

"Mzee, naomba tulisogeze kabati kidogo."

"Aa, mwanangu, hilo ni zito. Liache tu."

Tulilisogeza. Nyuma yake rangi ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua. Nilipoigusa ikapukutika, unga mweupe wa chumvi, dalili ya unyevu, ukabaki kidoleni. Kuanzia hapo sikuiamini nyumba ile tena: nikafungua kila bomba, nikavuta kila choo, nikapanda darini. Ukiuza nyumba, mnunuzi naye hufanya hivyo hivyo, ila yeye haandiki ripoti. Anaaga vizuri, kisha hapokei simu.

Watu wengi hutuuliza watengeneze nini kabla ya kuuza. Mimi huwauliza kwanza: unadhani atanunua nani? Kama bungalo lako la zamani liko kwenye kiwanja kikubwa kule Kololo, mtaa wa Kampala, au kando ya barabara ambako majirani wote wameshajenga maduka, anayekuja ananunua ardhi na nyumba ataibomoa. Usinunue hata kopo moja la rangi. Pesa hizo mpe mpima ardhi ahakiki mawe ya mipaka.

Kama nyumba ni ya familia kuhamia, iwe Najjera, Kira au Jinja, anza na maji. Mnunuzi hakurudishii shilingi zote ulizotumia kwenye mapambo, lakini kila kinachomtia hofu hukikata kwenye bei, na hukata zaidi ya ambavyo fundi angekutoza, kwa sababu hajui ndani ya ukuta mna nini.

Panda juu ya paa. Misumari ya mabati hulegea kadiri bati linavyotanuka na jua na kusinyaa usiku, na maji hupita hapo hapo. Kuibadilisha misumari na kuziba mahali paa mbili zinapokutana ni kazi ndogo ukilinganisha na kuweka dari jipya. Kisha tazama gata. Pasipokuwa na gata, maji ya mvua hudondoka chini, hurukia ukuta na kuulowesha sehemu ya chini mwaka hadi mwaka. Angalia pia udongo wa nje: ukirundikwa juu ya utando wa kuzuia unyevu uliowekwa kwenye msingi, utando huo hausaidii kitu. Sululu na toroli vinatosha kuuondoa.

Hujui unyevu unatoka ukutani au ni hewa ya chumbani tu? Bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe pembe zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, ukuta ndio umelowa. Yakiwa upande wa chumba, fungua madirisha.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la haraka. Ukuta uliolowa hukauka polepole. Kwa makadirio ya ujenzi, inchi moja ya unene huchukua kama mwezi mzima. Kwa hiyo anayetaka kuuza katikati ya mwaka atengeneze gata kabla ya mvua za Machi, sio zikiwa zinanyesha. Ukikosa muda, kwangua plasta iliyooza, uache ukuta wazi, umwonyeshe mnunuzi gata mpya na risiti ya fundi. Ukuta mbaya uliokiriwa hauogopeshi kama ukuta mzuri uliofichwa.

Nyufa nazo si za aina moja. Zile nyembamba kama unywele kwenye plasta, zibe tu. Ufa unaoshuka mshazari kutoka pembe ya dirisha, au unaopanda ngazi kwa ngazi kwenye matofali, usiuguse. Weka alama ya penseli pale unapoishia, andika tarehe, umwite mhandisi. Karatasi yake itakusaidia kuliko ndoo tatu za saruji. Na paa likiwa la asbesto, usimruhusu fundi alivunjevunje, maana vumbi lake huumiza mapafu. Mwambie mnunuzi, bei izungumzwe.

Jiko? Liache. Ukiweka marumaru za milioni kadhaa, mama atakayehamia atakuja na ladha yake. Badilisha bomba linalovuja, bawaba zilizolegea, kioo kilichopasuka, soketi iliyoungua. Ita gari la kunyonya maji taka kabla ya wageni kuanza kuja, kwa sababu harufu huifika pua ya mtu kabla hajaona sebule. Lipa bili ya maji. Kama wapangaji wanatumia Yaka moja (mita ya umeme wa kulipia kabla) na wewe, weka wazi jambo hilo mapema.

Halafu kuna matengenezo yasiyohitaji fundi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho ya 2004, inataka ridhaa ya mume au mke kabla ya kuuza ardhi ambayo familia inaishi. Nimeona nyumba nzuri, paa safi, kuta kavu, mnunuzi ana pesa mkononi, na mauzo yakakwama kwa sababu mama mwenye nyumba alisikia habari hizo kwa dalali. Kama ardhi ni ya mailo, yaani ina mmiliki mwingine mwenye hati, na wewe una kibanja tu, yaani haki ya kukaa hapo, useme hivyo tangu siku ya kwanza. Jina kwenye hati likiwa bado la marehemu baba, anza na mirathi. Hiyo huweza kuchukua muda mrefu kuliko ukuta kukauka.

Mzee wa Mukono aliuza hatimaye, miezi mingi baadaye. Gata aliweka, kabati akalirudisha chumbani kwake, na ule ukuta wa nyuma akauacha bila rangi.