Sio kila albamu iliyorekodiwa studio ni albamu ya studio

Jamani hili la kuita kila CD yenye nyimbo kumi na kitu "albamu ya studio" limezidi sasa. Ikianza tu kuongelewa bendi ya B'z ya Japani lazima atokee mtu aseme albamu yao ya studio iliyouza kuliko zote ni Pleasure, na ukimwambia hapana, huo ni mkusanyiko wa vibao vyao vya zamani, anakuuliza kwani zile nyimbo zilirekodiwa wapi, barabarani? Ndiyo, zilirekodiwa studio, hakuna anayebisha, ila neno halipimwi kwa chumba mlichorekodia.

Albamu ya studio ni ile ndefu, msanii kaiandaa kama kazi mpya inayosimama yenyewe, na ndio inayoingia kwenye hesabu ya albamu zake, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Live, ile ya kurekodiwa jukwaani, haimo, mkusanyiko wa vibao vya zamani haumo, EP, yaani CD fupi yenye nyimbo chache, au wanavyoita Wajapani mini-albamu, nayo haimo.

Sasa nawatumia hawa hawa B'z kwa sababu hakuna bendi inayolionyesha jambo hili wazi kama wao. Ni watu wawili, Tak Matsumoto kwenye gita na Koshi Inaba kwenye sauti, wameanza 1988, na Japani ni miongoni mwa wasanii waliouza rekodi nyingi kuliko wote. Mwaka 1994 wakatoa albamu wakaiita The 7th Blues. Hiyo saba imetoka wapi? Hesabu: B'z (ya kwanza waliipa jina lao wenyewe), Off the Lock, Break Through, Risky, In the Life, Run, hizo ni sita, inayofuata ndio ya saba. Lakini kufikia hapo walishatoa pia mini-albamu nne, Bad Communication, Wicked Beat, Mars na Friends, na usidhani ni vitu vidogo kimauzo maana Bad Communication na Friends kila moja ilipita milioni 1. Zote studio, zote nyimbo zao, na wenyewe hawakuzihesabu. Wangezihesabu ile ingeitwa ya kumi na moja. Halafu The 7th Blues ina CD mbili ndani, na bado ni albamu moja, kwa hiyo hata idadi ya sahani sio kipimo.

Twende mbele. 1995 Loose, ya nane. 1997 Survive, ya tisa. 1998 wakaachia Pleasure mwezi wa tano na Treasure mwezi wa tisa, hizi ndio zile mbili za mkusanyiko ambazo watu wanazichanganya. 1999 Brotherhood. Desemba 2000 wakatoa nyingine, na jina lake ni Eleven, yaani kumi na moja! Sasa niambie, kama Pleasure na Treasure ni albamu za studio, hiyo kumi na moja inapatikanaje? Haipatikani. Survive tisa, Brotherhood kumi, Eleven kumi na moja, imeisha hiyo. Mimi huwa nashangaa watu wanabishana kurasa na kurasa wakati wenye bendi wameiandika hesabu kwenye majalada ya CD zao.

Na kwenye mauzo ndipo tofauti inapouma. Pleasure iliuza zaidi ya milioni 5 Japani, Treasure zaidi ya milioni 4, Loose ni kama milioni 3. Ukiziweka kwenye foleni moja Loose inaonekana ndogo, na hapo unaionea kabisa. Mkusanyiko unauzwa kwa mtu ambaye tayari anazijua zile nyimbo, alizisikia redioni miaka yote, singo hakununua hata moja, sasa anazipata zote kwa mkupuo. LOVE PHANTOM ipo Loose na ipo Pleasure pia, wimbo ule ule, ila aliyenunua Loose Novemba 1995 alinunua pamoja nao nyimbo ambazo alikuwa hajawahi kuzisikia kabisa. Milioni 3 kwa kazi ya namna hiyo ni jambo zito sana, linastahili kutajwa lenyewe bila kufunikwa na namba za mkusanyiko.

Kuna atakayesema mbona Loose nayo ina wimbo wa zamani, Bad Communication wa 1989, ule wa kwenye mini-albamu yenye jina hilo hilo. Upo, sikatai, ila sikiliza walichoufanya. Ule wa kwanza ni wa dansi, kinanda cha umeme na midundo ya mashine. Kwenye Loose wameurekodi upya kwa gita kavu, bluzi ya taratibu, mpaka kwenye jina wakaongeza (000-18), ambayo ni modeli ya gita la Martin. Kuutoa wimbo kabatini na kuubandika ni kitu kimoja, kuuingiza studio ukatoka na mwili mwingine ni kitu kingine. Huu wa pili unakaa kwenye albamu ya studio bila shida yoyote.

Kwa hiyo ndugu yangu, wala hujakosea kuipenda Pleasure, na ukisema ndio albamu ya B'z iliyouza zaidi uko sahihi kabisa. Ondoa tu hayo maneno mawili, "ya studio". Ukitaka kuyabakiza, taja Loose.