"Bagi" haikuzaliwa na kipepeo

Huku Goma telefone ikikwama kidogo tu, mutu anasema iko na bagi, na mujuaji moja atakuelezea ati ile neno ya Kiingereza, maana yake mududu, ilianza 1947 siku Grace Hopper, mama moja Mumerika wa kuandika programu za ordinatere, alikamata kipepeo ya usiku ndani ya ordinatere. Hapana jamani. Kipepeo ilikuwako kweli, ilikwama kwenye ordinatere Mark II kule ku chuo kikuu cha Harvard, Amerika, batu benye kuitumikisha bakaibandika mu kitabu yabo ya kazi, bakaandika ati ni mara ya kwanza mududu ya kweli inapatikana. Sasa ya kweli juu ya nini? Juu neno ilikuwa ya zamani, Thomas Edison, mvumbuzi wa Amerika, aliiandika mu barua 1878, akisema juu ya pane za vitu alikuwa anatengeneza. Na Hopper alipenda tu kuisimulia, haiko yeye aliiona.