Mche huu ni Hass kweli? Marudio ya DNA na jani la juu ya kiungo

Mche wa parachichi ukiwa kwenye kiriba haujitambulishi. Mche wa Hass, aina ya parachichi, uliobebeshwa (kikonyo kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine) pamoja na mche wa kokwa la kienyeji kutoka Tukuyu vinaweza kukaa bega kwa bega kitaluni na mnunuzi asitofautishe, kisha akasubiri miaka mitatu au zaidi ndipo tunda limwambie alichopanda. Kipimo cha mikrosatelaiti hutoa jibu mapema, ili mradi jani lichumwe mahali sahihi na namba zisomwe na mtu asiye na haraka.

Mikrosatelaiti ni kipande cha DNA ambamo herufi chache, mara nyingi mbili hadi sita, hujirudia mfululizo: CTCTCTCT, na kuendelea. Kimeng'enya kinachonakili DNA huteleza hapo, kama fundi anayehesabu mishono huku akipiga soga: anaruka mmoja au anaurudia. Ndiyo maana mti mmoja una marudio 14 mahali ambapo mwingine ana 19. Mparachichi una kromosomu 24, yaani jozi 12, kwa hiyo kila eneo tunalopima linatoa urefu mmoja wa upande wa mama na mmoja wa upande wa baba. Urefu ukilingana, inaonekana namba moja tu.

Hass zote duniani zinatokana na vikonyo vya mti mmoja wa Rudolph Hass, California, uliopewa hataza mwaka 1935. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002, ila namba zake za marudio zimo katika kila Hass halisi, iwe Wanging'ombe au Rungwe.

Sasa jani. Shina la chini limetokana na kokwa, na kila kokwa lina DNA yake. Ukichuma jani kwenye chipukizi lililotoka chini ya kiungo, yaani pale kikonyo kilipounganishwa na shina, maabara itakwambia kwa uaminifu kabisa kwamba mche si Hass, na mwenye kitalu ataonewa. Tafuta kovu la kubebeshea, panda juu yake, chuma majani mawili machanga yaliyofunguka nusu. Yaliyokomaa yana nta na kemikali nyingi zinazosumbua baadaye. Rungwe majani huwa na maji muda mwingi, hivyo yafute kwanza, yatie kwenye bahasha ya karatasi, kisha bahasha kwenye chombo chenye silika (chembe zinazofyonza unyevu) mara kumi ya uzito wa jani. Mfuko wa plastiki ni kosa: jani linavunda kabla basi halijafika Mbeya mjini. Andika kwa penseli. Wino ukilowa hufutika.

Maabarani, miligramu 20 za jani kavu zinatosha. Zinasagwa hadi ziwe unga laini, zinatiwa kwenye CTAB (sabuni inayopasua seli) ya asilimia 2 yenye chumvi ya mola 1.4, pamoja na PVP asilimia 2 na beta-merkaptoethanoli kidogo, halafu nyuzi 65 kwa dakika 45. PVP hunasa fenoli, kemikali za jani zinazochafua DNA. Ukiisahau, DNA inatoka na rangi ya chai. Inafuata klorofomu na isoamili alkoholi kwa uwiano wa 24 kwa 1, isopropanoli baridi, na kuosha kwa ethanoli ya asilimia 70. Mparachichi una utelezi mwingi. Donge likiwa kama ute wa bamia, usijidanganye kwamba umepata DNA nyingi. Liyeyushe, ongeza chumvi, rudia klorofomu na uligandishe upya. Kisha punguza hadi nanogramu 10 kwa mikrolita, maana uchafu uliobaki unazuia PCR (hatua ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) kuliko uhaba wa DNA unavyoizuia.

PCR ni ya kawaida, mizunguko 35, isipokuwa hatua ya mwisho: iache nyuzi 72 kwa dakika 30. Taq, kimeng'enya kinachonakili, hupenda kuongeza herufi A mwishoni mwa nakala, na ukiikatisha njiani unapata vilele viwili (alama za urefu kwenye mchoro wa mashine) vilivyopishana kwa herufi moja, ukadhani ni urefu tofauti.

Kwenye kusoma ndiko wengi wanakoanguka. Jeli ya agarosi haitenganishi vizuri tofauti ya herufi mbili. Tumia jeli ya poliakrilamaidi au mashine ya kapilari. Kilele kidogo kilichopungua herufi mbili mbele ya kikubwa ni kivuli cha kuteleza ndani ya PCR, usikihesabu. Vilele vitatu vikubwa kwenye eneo moja vinaonya kwamba majani ya miti miwili yamechanganyika, au praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanza kunakili) zinashika sehemu mbili. Na kila awamu iwe na Hass ya uhakika pembeni, kwa sababu mashine mbili zinaweza kutoa urefu wa herufi 152 na 154 kwa kipande kilekile.

Tuseme Hass ina 152 na 166, mche una 152 na 160. Tofauti ya eneo moja inadai kurudia kipimo tu. Ikijitokeza maeneo manne, huo si Hass. Na kama kila eneo lina angalau namba moja ya Hass, shuku mtoto wake, yaani kokwa la Hass lililooteshwa. Hass ikijichavusha, nusu ya watoto watafanana na mama katika eneo lenye namba mbili. Kwa maeneo manne yasiyofungamana (yanayorithiwa bila kutegemeana), mmoja kati ya 16 anapita bila kugunduliwa. Kwa maeneo kumi, mmoja kati ya 1,024. Binafsi sitii sahihi chini ya kumi.

Kuna jambo kipimo hiki hakiwezi: tawi lililobadilika kwenye mti uleule. Zabibu nyekundu ya Ruby Okuyama ilichipuka kwenye Italia, ambayo ni nyeupe, baada ya retrotransposoni (kipande cha DNA kinachojinakili na kujipachika kwingine) iitwayo Gret1 kuchomoka kwenye jeni la rangi na kuacha kipande chake nyuma. Mikrosatelaiti huziona kama mti mmoja. Hapo zinahitajika praima zinazolenga retrotransposoni yenyewe.

Majibu yakija yameandikwa tu "ni Hass", bila jedwali la namba za kila eneo na za Hass ya kulinganishia, yarudishe.