Haikurudi, haikuwa imeondoka

Jumatatu hii nimeisikia tena, mara tatu kabla ya saa nne asubuhi: "Dokta, nilipona kabisa, ikarudi." Wa tatu alikuwa kijana anayeshusha samaki pale kwenye mwalo wa Deep Sea, Tanga. Alipopandisha fulana, choa lilikuwa limeanzia kwenye mkanda wa suruali likapanda hadi mbavuni. Alipaka siku ngapi? Nne. Siku ya pili tu, anasema, kuwasha kuliisha. Tyubu anayo mfukoni, haijafika hata nusu.

Mwanangu, haikurudi. Haikuwa imeondoka.

Fangasi wa choa wanaishi kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, lile lililokwisha kufa, na ndilo chakula chao. Muwasho ni mwili wako unapogombana nao. Dawa ikiwapunguza, ugomvi unapoa, unalala usiku mzima, asubuhi unasema nimepona. Waliobaki wapo, wanakula. Tabaka hilo huchukua takriban wiki mbili hadi nne kujibadilisha lote, ndiyo maana klotrimazoli, krimu ya kuua fangasi, tunaipaka wiki mbili hadi nne, kutwa mara mbili, sentimita 2 nje ya ukingo wa doa, na wiki moja au mbili za ziada baada ya doa kupotea machoni. Kijana nimemwandikia tarehe ya mwisho kwenye boksi kwa kalamu. Tarehe hiyo ndiyo ya kutazama, muwasho auache.

Ila tyubu aliyokuja nayo haikuwa klotrimazoli peke yake. Ilikuwa ile ya mchanganyiko: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na betamethasoni, ambayo ni steroidi kali. Muuzaji alimwambia hii inashika haraka. Ni kweli inashika, na hapo ndipo ninapokosa subira. Steroidi inaunyamazisha mwili. Wekundu unaisha, muwasho unaisha kwa usiku mmoja au mbili, na fangasi sasa hawana wa kugombana naye, wanatambaa taratibu. Ukiacha kupaka, ngozi inalipuka kuliko mwanzo, nawe unarudi dukani kuifuata dawa ileile kwa sababu "ndiyo inayonisaidia". Nimeona watu waliozunguka hivyo mwaka mzima. Choa linapoteza ile duara yake, ukingo unafifia, hata mimi nasita kulitaja jina mpaka nikwangue kidogo nitazame kwenye hadubini. Kwenye mapaja na kwapani ngozi inakuwa nyembamba na kupata michirizi, na michirizi ile haifutiki. Ni afadhali mara mia unipe dawa ambayo wiki ya kwanza haionyeshi maajabu.

Niseme na ukweli mwingine. "Wiki nne" naitamka kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, lakini yule kijana tangu alfajiri amelowa maji ya bahari na jasho, nguo zinamkaukia mwilini, na joto letu la Februari mnalijua. Watu wa kazi hiyo nimewaona wakifika wiki ya sita. Na siku hizi wapo fangasi wanaoistahimili hata terbinafini, dawa nyingine ya fangasi, India wamewapata kwa wingi. Mtu akishindwa kupona baada ya mwezi, kwa macho siwezi kutofautisha usugu, dawa iliyoachwa njiani, na mwenzake wa kitandani anayemwambukiza upya. Nauliza yote matatu, na mara nyingine nabadilisha dawa kwa kukisia.

Sasa njoo kwenye upele, ule wa wadudu wanaochimba ndani ya ngozi, ambako muwasho unadanganya kinyume chake. Ukishapaka dawa wadudu wamekufa, lakini maiti zao, mayai na kinyesi bado viko ndani ya ngozi, na mwili unaendelea kuwasha wiki mbili hadi nne. Mama mmoja wa Makorora aliwapaka wanawe BBE, dawa ya maji ya kuua wadudu wa upele, kila usiku kwa wiki mbili kwa kuwa "bado wanajikuna". Walipofika kwangu upele haukuwepo, ngozi ndiyo iliyokuwa imeungua kwa dawa. Permetrini, krimu ya upele, inatosha mara mbili, wiki moja katikati, na nyumba nzima usiku uleule, pamoja na bibi anayesema yeye hawashwi: anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kujikuna huku anawagawia wengine. Baada ya hapo subiri. Kwenye wiki ya tatu hata mimi huwa sina hakika kama ni muwasho wa zamani au wadudu wapya, natafuta vijinjia vipya katikati ya vidole.

Mengine kwa haraka. Mba wa mwilini, yule fangasi wa mabaka, akishakufa, mabaka meupe yanabaki miezi hadi rangi irudi, kusugua kwa dodoki hakuiharakishi. Chunusi huanza kutulia wiki ya sita hadi ya nane, na madoa yake meusi ni miezi, zaidi ukiyapaka ndimu. Mapunye ya mtoto yanataka vidonge wiki kadhaa, krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele. Ukucha wa mguu unakua kama milimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo dole gumba litaonekana baya mwaka mzima hata vidonge vya fangasi vikiisha baada ya miezi mitatu. Pumu ya ngozi sikupi tarehe, tunaituliza.

Na lipo doa lisilowasha kabisa, la rangi iliyopauka, ambalo watu hulibeba miaka kwa sababu haliwasumbui. Fumba macho, mwenzako akuguse hapo kwa uzi wa pamba. Kama hujui umeguswa wapi, huenda ni ukoma. Dawa zake ni za bure, za miezi 6 au 12, na kila mwezi unaopita kabla ya kuanza, mishipa ya fahamu inazidi kuharibika. Kwa doa hilo usinunue tyubu yoyote. Njoo kesho asubuhi.